Hotuba za Baba

Baba alipozaliwa, kengele za Harmere ziligongwa mchana kutwa;
mpiga kengele mmoja akazimia, akapewa kondoo.
Mimi nilizaliwa Jumanne, mvua inanyesha.
Mkunga akashuka ngazi, akasema, "Ni binti,"
na babu akaagiza chai.

Lodi Ambrose Thirkell, wa nne kwa jina hilo.
Mama alimwita Brose, tena akikasirika tu.
Tulikuwa na vyumba arobaini na viwili,
vitatu vyenye moto.
Mbwa walivijua vyote vitatu.
Sisi tulikula sungura tukiwa na makoti,
katika sahani zenye nembo ya ukoo:
korongo ameuma ufunguo.
Ufunguo wa nini?
Shangazi Lettice alisema wa pishi la mvinyo.
Baba alisema wa heshima.
Mpishi alisema ukoo wenye akili
ungempa ndege samaki.

Kisha Crispin, kaka yangu, hakurudi kutoka Italia.
Kijana wa posta alifika kwa baiskeli, akavua kofia,
akaondoka ameisahau kwenye ngazi.
Kofia ile ilikaa ukumbini miaka kumi na mmoja,
na neno "mrithi" likahama kwetu
kama mpangaji asiyeaga.

Ndipo baba akaniona.
Au akaona vidole vyangu.
Kila Jumatatu, treni ya saa mbili na dakika kumi,
yeye dirishani na gazeti, mimi nimepakata taipureta,
mashamba ya watu yakikimbia nyuma yetu.
Niliandika juu ya mabomba, bei ya shayiri,
ng'ombe na maradhi ya kwato.
Yeye husimama katika Jumba la Malodi, gumba mfukoni,
nami juu roshanini nikifungua midomo bila sauti,
kama mama anayemlisha mtoto uji.

Mwaka mmoja ukaja mswada: wanawake nao waketi mle.
"Niandikie," baba alisema, "na uwe mkali."
Kinyozi hajinyoi.
Mimi nilijinyoa, gizani, kwa wembe wa baba,
na mkono haukutetemeka.
"Mabwana," alisoma, "tukiwaruhusu leo,
kesho watataka mapazia mapya."
Wazee wale wakacheka hadi vikohozi vikawashika.
Ulikuwa mzaha wangu bora maishani.
Nami nilicheka. Hilo ndilo silisamehe.

Mswada ulipita hata hivyo.

Alikufa Februari, katika kibanda chake cha vioo,
mkono mmoja ungali ndani ya chungu cha jeraniamu.
Lodi hafi, walinieleza wanasheria; huhama.
Huyu alihama akavuka bahari mpaka Saskatchewan,
kwa binamu Wendell, muuza vipuri vya trekta.
Vyote vikamwendea: korongo, ufunguo,
hata mabomba yanayoguna usiku.
Mimi nilipewa siku thelathini na saa ya mezani.

Katika droo ya chini nilikuta hotuba zote,
zimefungwa kwa kamba ya kiatu cha Crispin.
Pembeni mwa ile ya mapazia, kwa penseli:
"H., si kweli, lakini itafaa."
Nimepapasa hiyo "si kweli" mpaka imefifia.
Sijui aliisema juu ya mapazia
au juu yangu.

Wendell alikuja na viatu vya mpira na haya nyingi.
Mtu mwema. Aliniuliza,
"Nikiitwa Lodi, niitikeje?"
Nikamfundisha wiki mbili: uma upi, bwana yupi,
lini ucheke, lini ukohoe tu.
Kisha akasimama mlangoni akikunja kofia,
akaniomba nimwandikie hotuba yake ya kwanza.
Nikavua miwani, nikaifuta taratibu.
Nikamtajia bei, kwa neno.