Zamu ya Bogumiła

Nyuzi sita chini ya sifuri, gati la Gdynia.
Kontena linaning'inia kombo,
minyororo inalia,
na Wiesiek, kijana wa wiki ya tatu,
ameshika rimoti kama aliyepewa kaa la moto.

Tusi limemfika Bogumiła kwenye meno.
Analijua: ni la baba yake,
msimamizi wa gati hili hili,
aliyefoka hadi watu wakajifunza kuficha makosa.

Anavua glavu.
Anabandika kiganja kwenye nguzo ya chuma,
baridi inamng'ata,
anahesabu ribiti hadi kumi na moja.
Tusi analimeza. Halishuki vizuri.

“Wiesiek,” kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani,
“shusha taratibu. Nipo.
Haya, niambie umeona nini.”

Kijana anatazama viatu vyake.
Breki ya winchi imelegea tangu Jumatatu.
Niliogopa kusema.

Usiku, ndani ya gari, vioo vimefungwa,
Bogumiła analitapika lile tusi,
lote, mara mbili.
Usukani hauna kinyongo.

Kisha anawasha injini. Apitie dukani:
nyumbani mkate umekwisha.