Kumbukumbu za Mkutano wa Tawi

Mahali: Langoni, orofani, juu ya duka la saruji la Famau.
Saa: kumi kasorobo, ingawa barua ilisema tisa.
Tulikuwa saba. Katiba yetu yataka wanane.
Mwenyekiti akasema tuanze, akidi itatukuta njiani,
nami katibu, Mwanamize, nikaandika alivyosema.

Mgeni wetu alitoka chuoni, Profesa Nasimiyu wa Kitivo cha Sayansi,
viatu mkononi, pindo la sketi limeroa maji ya gatini.
Yule yule aliyenifundisha kuhesabu vinyweleo vya jani
na kunikata alama tatu kwa kuandika "majani mengi."
*Mengi ni mangapi?* uliuliza wino wake mwekundu.
Swali hilo ninalo bado; humsumbua muuza ndizi.

Ajenda ya kwanza: kitivo kinajenga maabara.
Paa limefika, madirisha bado.
Wahitimu wa kila tawi wanaombwa mkono,
na atoaye elfu hamsini, jina lake litachongwa ukutani.
Zuhura wa zahanati akauliza kama jina huchongwa kwa awamu.
Tukacheka. Bunu akaahidi elfu tatu;
herufi mbili, alisema, zamtosha.

Chai ikaja. Kaimati zikaja.
Ajenda ya pili sikuisikia,

kwa kuwa profesa alikuwa amepitisha kijitabu cha kitivo,
fahari za miaka arubaini,
na ukurasa wa tisa palikuwa na makala yake ya mikoko,
ile iliyompa uprofesa,
na ndani yake alikuwamo baba.

Si jina. Sauti.
*Mkandaa wastahimili chumvi, mkomafi waiogopa.
Mui ukitindwa mwezi mpevu, hauishi mdudu.*
Fito, pau, mazio, boriti, nguzo:
mti ule ule, ukipanda vyeo.
Aliyasema haya matope yakiwa kiunoni, mkondo wa Mkunumbi,
miaka kumi na tisa nyuma,
mimi mwanafunzi nikitafsiri "kutinda,"
profesa akiandika,
daftari kaliegemeza mgongoni mwangu.
Kila neno la baba nililisikia mara mbili,
sikioni, kisha ncha ya kalamu kwenye uti.

Makala yasema: *mkazi mmoja wa eneo hilo.*

Mengineyo.
Katibu hana desturi ya kusema; katibu huandika.
Nikaweka kalamu chini, nikainua mkono kama darasani.
"Profesa, 'mmoja' ni nani?"

Famau akakohoa. Chini dukani mtu aligonga kaunta kwa sarafu,
akagonga tena, akaenda zake.
Profesa akavua miwani. Hakusema ndivyo ilivyokuwa siku zile;
jibu hilo nilikuwa nimelitayarishia ulimi, nalo halikuja.
Alisema, "Daftarini niliandika *Mzee B.*
Nilidhani nitakuuliza. Halafu ukahitimu."
Kisha, kalamu mkononi, kama aliyechelewa kuwasilisha kazi:
"Jina lake kamili?"

Nikamtajia. Akaomba nimwendelezee herufi.
Kwa mara ya kwanza nilimsahihisha mwalimu wangu:
si Banaheri. Bwanaheri.

Kama nimemsamehe, hilo halikuwa katika ajenda.
Ameahidi kuliandikia jarida. Barua hatujaiona.
Mchango wa tawi, hadi leo, ni elfu kumi na moja na mia tano,
na Bunu bado anatafuta tatu zake.

Mkutano ulifungwa saa kumi na mbili kasoro dakika tano.
Usiku, nikinakili haya kwa wino safi,
nilirudi juu, pale pa waliohudhuria,
nikaongeza mstari chini ya Zuhura:
Bwanaheri Lali Shekuwe, mkata mikoko.

Asubuhi mwenyekiti alitia sahihi juu ya mfuko wa saruji.
Hakuhesabu.
Au alihesabu.