Moja na Nusu

Mkataba una kurasa nne na pini moja yenye kutu.
Nimeusoma mara tatu, mara ya mwisho kwa sauti,
nimekaa juu ya jiwe nyuma ya nyumba, Mabatini.
Saa arobaini na tano kwa wiki. Nikazihesabu
kama mtu anayehesabu chenji mbele ya muuzaji,
bila kuona haya.

Kifungu cha saba: mapumziko, saa moja kamili.
Kifungu cha nane: kazi ya ziada
italipwa moja na nusu.
Niliipenda hiyo nusu.
Nilidhani ni kama konzi ya muuza dagaa,
ile anayotupia juu ya kopo lililokwisha jaa.

Siku ya kwanza Bahebe, msimamizi wa chumba cha kuchambua,
alinipa koti lenye mfuko mmoja,
akanionyesha mizani. "Hii haidanganyi," akasema.
"Gramu ishirini ni gramu ishirini. Ikizidi moja, mtu analipa."
Neno hilo nikalitia mfukoni,
katika mfuko ule mmoja.

Nikayajua masanduku kabla ya majina ya watu:
la kanisa, linalofurika;
la wakili anayekuja na ufunguo uliopinda;
la kiwanda cha minofu kilichofungwa, bado linapokea bili.
Nikazijua anwani za mlimani:
"nyumba ya bluu, chini ya jiwe linalotaka kuanguka."
Mawe yote ya kwetu yanataka kuanguka.

Kuhusu mapumziko, sikilizeni.
Saa sita na nusu ninafungua hotpoti, wali na furu.
Saa sita na dakika thelathini na nne kengele ya kaunta inalia:
mama mmoja anauliza kifurushi cha mwanawe kutoka Muscat
kimekwama wapi.
Nikirudi, furu ananitazama kwa jicho lililopoa.
Nyamizi, aliyenitangulia kwa miezi mitano tu, anacheka:
"Mapumziko ya hapa ni kivuli cha korongo.
Kinakupitia, hakikai."

Jioni ni habari nyingine.
Saa kumi na moja mkataba unakwenda nyumbani.
Mimi ninabaki.
Meli ya Nansio imechelewa, mifuko ya Ukerewe haiwezi kulala gatini,
mvua inakuja kutoka Bukoba ikificha visiwa kimoja kimoja,
na Bahebe anasema, "Dakika kumi tu, jamani."
Dakika kumi za Bahebe zina watoto na wajukuu.

Nikaanza kuziandika nyuma ya kadi za vifurushi zilizoharibika.
Jumatatu, hamsini. Jumanne, saa na ishirini.
Alhamisi nimeandika "giza" tu, maana umeme ulikatika,
saa ya ukutani ikasimama
nasi tukaendelea.

Mwisho wa mwezi Bahebe alizipanga kadi zangu kama karata.
Si mtu mbaya, Bahebe.
Naye ana kadi zake, nimeziona,
zimekunjwa ndani ya kitabu cha risiti tangu mwaka juzi.
"Hizi umeziandika mwenyewe," akasema. "Nani atashuhudia?
Andika barua makao makuu."

Nikaandika. Kurasa mbili, heshima zote mahali pake.
Nikaipima: gramu kumi na tisa. Stempu nikanunua kwa hela yangu.
Kisha sikuigonga muhuri saa nne, wala mchana.
Nikasubiri meli ije, mifuko ishuke,
Nyamizi afunge madirisha,
hadi taa za wavuvi wa dagaa zikawaka, mji mwingine juu ya maji,
nao wako kazini, nao sijui nani anawahesabia.

Muhuri wetu una tarehe, na una saa.
Nikazungusha gurudumu dogo kwa kucha,
nikagonga mara moja, kwa nguvu:
MWANZA, 19.30.
Saa moja na nusu.

Nikaitumbukiza katika mfuko wa Dar es Salaam
ambao, kama kawaida,
nilibaki kuufunga mimi.