Daftari la Orhan

Orhan alipowasha tanuri lake Ngamiani,
barabara ya kumi na mbili,
alibandika mlangoni: BEI HAIPUNGUI. HAKUNA MKOPO.
Mikate ikalala rafuni. Ikaamka migumu.

Mimi, mkanda unga wake, nikamwambia:
"Bosi, hujamuuliza mtu habari za nyumbani."
Akacheka.

Siku ya tisa hakucheka.

Karatasi ile tumefungia maandazi.
Bei sasa anaitaja juu kidogo,
ili mteja apate pa kuishushia.
Jana nimechungulia daftari lake la madeni,
mwandiko wa kwao, Kiswahili cha kuokoteza:

"Mwanasiti. Mikate mitatu.
Mjukuu iko homa.
Yeye kuja, uliza mtoto kwanza.
Pesa, nyamaza."