Bawa Linaloinama

Lita nne za mafuta taa, nikasema.
Kijana wa pampu pale Utawala alitazama gari,
akatazama sare yangu, viatu vya wadi,
macho ambayo hayakulala.
"Sista, stovu yako inakunywa hivi?"
Inakunywa, nikamwambia, kisha inapaa.
Alicheka, akanipa chenji pungufu ya shilingi kumi.

Kamulu, nyuma ya machimbo ya mawe,
Oguya alikuwa ameshafagia njia yote ya murramu,
kokoto moja moja,
maana injini hii huvuta pumzi
kama mtoto anayebugia uji:
kilicho mbele kitaingia kinywani.

Oguya hutengeneza friji Kariobangi. Hana maneno mengi.
Tulichomeka mabawa, bomba likaingia kwa mlio wa kizibo,
waya mwekundu kwa mwekundu, mweusi kwa mweusi.
Kisha akaiinua ndege kwa ncha za vidole viwili,
pale alipotia alama ya kalamu chini ya mabawa,
akangoja.
Pua iliinama kidogo,
kama mtu anayekubali jambo asilolipenda.
"Inatosha. Pua nzito inasumbua.
Mkia mzito unazika."

Nilirudi nyuma hatua thelathini na rimoti kifuani.
Kulia! Ulimi wa bawa la kulia ukainuka.
Kushoto! Ukainuka wa kushoto.
Mkia! Mkia ukaitika.
Hivi ndivyo tunavyokabidhiana wadi kila alfajiri:
kitanda cha nne, dripu,
kitanda cha tano, presha imeshuka lakini anakula,
kitanda cha sita, kitupu.
Hatuongezi neno.
Kalamu inahamia cha saba.

Injini ilianza kwa mluzi mwembamba,
ikakohoa, ikashika moto,
na nyasi zote za nyuma zikalala chini.
Nairobi iko juu, hewa yake haijazi mkono.
Ndege ilikimbia, ikakimbia,
nikaona mwisho wa njia, nikaona ua wa michongoma,
nikasema moyoni basi,
na magurudumu yakaacha vumbi lao.

Sitasema niliruka nayo. Nilisimama pale pale,
shingo imekakamaa, ulimi umekauka,
vidole gumba viwili vikifanya kazi ya mwili mzima.
Ilipokwenda, ilikuwa rahisi:
kulia kwake ni kulia kwangu.
Ilipogeuka kunirudia
dunia ikabadilishana mikono.
Bawa moja likaanza kuzama upande wa machimbo,
nami nikavuta kule nilikozoea,
nalo likazama zaidi.

"Usifikirie kulia wala kushoto," Oguya alisema,
sauti ile ile ya kuulizia spana.
"Liegemeze lile linaloanguka. Peleka mkono huko huko."

Ah. Hilo nalijua.
Hilo nimelifanya miaka kumi na moja,
saa tisa za usiku, kiwiko changu chini ya bega la mtu.
Nikasukuma kijiti kuelekea bawa lililozama.
Likanyanyuka.

Ikapita juu yetu, nyeupe, kwa kishindo,
mwewe wawili wakaihama anga yao,
na mtoto wa wachonga mawe, ndoo kichwani,
akauliza kwa sauti, "Imembeba nani?"
Hatukumjibu.
Saa ya mkononi ilikuwa inalia dakika ya sita.

Ilitua kwa kudunda mara tatu. Ya tatu ilikuwa mbaya.
Mlango mdogo wa gurudumu ulipotea kwenye nyasi,
mpaka leo hatujaupata.
Feni iliendelea kuzunguka peke yake kuipoza injini,
nasi tukachuchumaa kando, tukiisikiliza,
mpaka ikanyamaza.

Mafuta yalibaki nusu lita hivi.
Nyumbani nikayatia kwenye stovu.
Yana oili ndani, yalitoa moshi,
chai ikanuka uwanja wa ndege.
Nikainywa yote, viatu mguuni, nikalala.