Wiki ya Tisa, Ibra

Leo tumbo limekubali vijiko vitatu vya maji.
Nimevihesabu kama deni.
Cha nne kilirudi.

Nyumba hii heshima yake ni harufu:
ubani alfajiri, udi jioni,
iliki kwenye kahawa, samli juu ya kila kitu.
Sasa Bi Shinuna amezima chetezo,
jambo alilolifanya mara moja tu maishani,
miezi ya eda.
Hakunilaumu. Alichemsha ndimu kavu,
akakisogeza kikombe kwa kidole kimoja, akatoka.

Thuwein analala sebuleni.
Si ugomvi; mimba imemkataa.
Kanzu zake anazifua kwa maji matupu,
anasimama mlangoni kama mgeni aliyesahau kubisha hodi,
ananiuliza kwa nyusi.
Namjibu kwa ndoo.

Juzi hospitali, Sista Bindu alitafuta mshipa
mkono wa kulia, wa kushoto, tena wa kulia.
Chupa mbili za dripu.
Dirishani mitende imeinama kwa uzito,
tende zinaiva
kwa joto lilelile linalonimaliza.

Wifi anasema ni msichana, mwenye nywele nyingi.
Mimi sitaki utabiri.
Nataka embe bichi, chumvi, pilipili,
na harufu ya udongo uliomwagiwa maji,
hapa ambapo mvua ni habari ya kupigiana simu.

Saa tisa usiku. Shavu langu liko kwenye vigae vya bafu,
mahali pekee penye huruma.
Wewe, mdogo kama zabibu,
umeinyamazisha nyumba nzima.
Haya. Kijiko cha tano.
Tulia nacho.
Tulia.