Tatu kwa Kumi na Nne

Alhamisi, soko la Malindi halijamaliza kupanga mafungu,
Mbeyu wa Chengo akaja na kisanduku
kisichozidi mkate wa boflo.
Akaomba nyanya moja. Nikampa ile ya juu,
nyekundu, imekaza, haina hata kovu la mdudu.
Kizuri chajiuza, nikamwambia.
Hakucheka.

Akaifuta kwa pamba yenye spiriti,
pamba akaigusisha kikaratasi chenye vumbi la fedha,
fedha kweli, ya pete, iliyosagwa
hadi ikasahau kung'aa.
"Usitazame mwali, utakuunguza jicho."
Nikatazama miguu yangu.

Nilidhani mwanga hurudi kama ulivyokwenda.
Kumbe kila kitu unachokigusa
huurudisha na lafudhi yake,
kama mtu wa Pate anavyojulikana
kabla hajamaliza salamu.

Kwenye kioo mstari ukaanza kutambaa,
tambarare, tambarare, kama njia ya Gongoni,
halafu kilima.
Kimoja, chembamba, chenye ncha.
Mbeyu akakiwekea kidole:
"Hiki si nyanya."

Watu husema macho hayana pazia.
Yangu yanalo.
Jumatatu, kule Madunguni, bomba mgongoni,
Sabaki ikipita na udongo wake,
nilipulizia matuta kumi na mawili kabla jua halijakaza.
Chupa inasema siku kumi na nne.
Mwenye lori anasema Alhamisi.
Mimi nawasikia wote wawili.

Shambani tunaiita dawa.
Hata mwanangu Nyevu huiita dawa,
na huuliza nani anaumwa.

Mama Kadzo wa meza ya pili akasogeza mchicha wake,
matundu matupu, kama leso iliyolaliwa na panya,
mchicha niliokuwa nikiucheka tangu juzi.
Mwali ukaupiga. Mstari ukalala.
Mama Kadzo akajifunga leso upya, hakusema neno,
na kutosema kwake kulikuwa kwingi.

Nikanyoosha kiganja. "Nipime na mimi."
Mbeyu akakitazama kwa macho yake tu:
kucha za manjano, nyufa kati ya vidole.
"Hiki kimefundishwa nyanya, bamia, kabichi," akasema.
"Ngozi ya mtu hakijafundishwa."
Akafunga kisanduku taratibu,
kama anayefunga mlango wa chumba alimolala mtu.

Akaja mteja, mtoto mgongoni,
mtoto ameshanyoosha mkono kuelekea nyanya.
"Bei gani?"
Nikahesabu kwa vidole hivyohivyo:
Jumanne. Jumatano. Leo.
"Tatu," nikasema.
"Tatu kwa ngapi?"
"Tatu kwa kumi na nne," nikamjibu,
nikavuta gunia juu ya meza.